Mwalimu wa Mikato

Belo lilipokatwa kamba, soko zima la mitumba la Singida mjini liliinama kwa pamoja. Wanawake waliokuwa wamesimama na heshima zao, mikoba kwapani, walijitupa juu ya zile nguo bila kuangalia nani anamkanyaga nani. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Nguo za Ulaya zilikuwa zimeanza kumiminika mpaka huku kwetu, na mtu aliyevaa kitambaa kimoja cha duka la ushirika kwa miaka hakuwa na subira ya kupanga foleni.

Belinda alikuwa ameona kitu kimoja tu, koti la buluu lenye vifungo vinavyong'aa. Alizamisha mkono, akaukamata mkono wa koti, akavuta. Koti halikuja. Akavuta tena, na koti likavutwa upande wa pili. Aliinua macho akakutana na kijana mrefu, mwembamba, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mistari inaonekana, naye ameng'ang'ania mkono wa pili.

"Dada, achia. Mimi ndiye niliyeliona kwanza."

"Kuona si kushika, kaka. Mimi nimeshika."

"Na mimi nimeshika. Hutaki kuamini, angalia."

"Ukiendelea kuvuta litachanika, na utalilipia."

Mwenye belo, jasho likimtiririka, aliwatazama kwa uchovu. "Nyie mnanunua koti au mnafunga ndoa? Kama ni ndoa hamieni pembeni, mnanizibia wateja."

Watu wakacheka. Belinda hakucheka. Aliligeuza koti upande, akagonga vifungo kwa kidole. "Vifungo viko upande gani, kaka? Hili ni la kike."

Kijana akaangalia vifungo. Masikio yakamwiva. Aliachia taratibu, akajifuta viganja kwenye suruali.

"La nini kwako?" aliuliza, kwa sababu alishindwa kuondoka.

"Usaili wa kazi. Na wewe ulitaka kulivaa wapi, harusini kwa mama mkwe?"

"Darasani. Nafundisha Kiingereza."

"Mwalimu mzima hujui koti la kike," Belinda alisema, akalipa, akapotea katikati ya watu. Hakuaga, wala jina hakuacha. Peniel, maana hilo ndilo lilikuwa jina la kijana, alisimama pale mpaka belo likaisha, na hakununua hata soksi.

Belinda alikuwa mchapaji katika ofisi ya Mama Yunisi, chumba kimoja chenye mashine mbili za kuchapa na simu moja ya mezani, karibu na posta. Hakuwa mtu wa kutulia. Akikaa, mguu wake ulitikisika chini ya meza, na akisubiri kitu alitembea kutoka mlangoni hadi dirishani mpaka Mama Yunisi amwambie akae, anamtia kizunguzungu. Mjini kulikuwa kumefunguliwa mradi wa alizeti wa Wazungu, na mradi ulitaka katibu wa kuandika barua za Kiingereza. Belinda aliitaka kazi ile mpaka usingizi ulimkimbia. Tatizo, kila barua aliyowachapia wale Wazungu ilirudi imezungushiwa maduara ya wino mwekundu, na karibu kila duara lilikuwa mahali palipokosa mkato, au palipozidi.

"Nenda tuisheni," Mama Yunisi alimwambia. "Yuko kijana anafundisha jioni nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Usipojua mikato, kazi hiyo itachukuliwa na mtu wa Dodoma."

Belinda akaenda, na koti lake la buluu mwilini, sketi ya marinda chini, nywele amezisuka kuelekea nyuma. Mwalimu alipoingia, darasa zima lilisimama, karani wa mahakama, nesi, wafanyabiashara wawili wenye vitambi, wote kwa sauti moja: "Shikamoo, mwalimu." Ndivyo mwalimu anavyoamkiwa, hata kama umri wake ni wa mdogo wako. Belinda naye akaamkia, kisha akamwona ni nani, akauma mdomo asicheke.

Peniel alimwona. Chaki ikamkatikia mkononi.

"Marahaba," alisema. "Kaeni. Leo tunaanza na mkato. Wengi wenu mnadhani mkato ni mahali pa kuvuta pumzi. Si kweli. Ingekuwa hivyo, mwenye pumu angeandika mikato mitupu."

Karani wa mahakama alicheka mpaka akakohoa. Peniel akaandika ubaoni sentensi ya mtu aliyenunua maharage, mchele na chumvi, akaonyesha mkato unavyotenganisha vitu visigongane. Akaandika nyingine: *Belinda, sit down.* Alikuwa amelisoma jina kwenye karatasi ya mahudhurio.

"Ukimwita mtu kwa jina," alieleza, "weka mkato, halafu ndiyo umwambie unachotaka. Jina lisimame peke yake kidogo."

"Na kama mtu ameshakaa, mwalimu?" Belinda aliuliza.

"Basi atulie."

Akaandika ya tatu, kuhusu mjomba anayeishi Itigi ambaye anaendesha lori. Maneno ya Itigi aliyafunga kati ya mikato miwili. Alisema hayo ni maelezo ya nyongeza. Ukiyanyanyua, sentensi inabaki imesimama.

"Mwalimu, tukinyanyua Itigi mjomba anabaki?"

"Anabaki."

"Na Itigi je?"

"Inabaki palepale kwenye reli, Belinda. Hakuna aliyeinyanyua."

Baada ya darasa Peniel alimsubiri Belinda kwenye kona ya duka, akajifanya anakagua tairi la baiskeli ya mtu.

"Nje ya darasa usiniamkie," alimwambia. "Tafadhali. Nina miaka ishirini na sita."

"Nikuiteje basi?"

"Peniel."

"Peniel," Belinda alisema, akanyamaza kidogo. "Haya, nimeweka mkato. Sasa nikwambie ninachotaka?"

"Sema."

"Nisindikize."

Ikawa hivyo kila jioni. Walitembea kupitia kwenye yale mawe makubwa ya mjini, upepo ukiwapiga vumbi usoni, Peniel akitamka sentensi ya Kiingereza polepole na Belinda akimfinya mkono kila mahali anapodhani pana mkato. Akikosea, ilikuwa zamu yake kufinywa. Peniel hakuchelewa kugundua kwamba Belinda anakosea kwa makusudi. Peniel alikuwa ametokea Kinampanda, baba yake alikwishafariki, na barua yake ya kuomba ajira serikalini ilikuwa haijajibiwa kwa muda mrefu kwa sababu ajira zilikuwa zimesimamishwa. Roho yake ilikuwa juu juu kama ya Belinda. Wote wawili walizungumza haraka, walikula haraka, na walipendana haraka.

Mchana Peniel alikwenda posta kumpigia Belinda simu ofisini.

"Uchapaji, habari za saa hizi."

"Nzuri, mpenzi. Umekula?"

"Kazi yako bado, mzee. Pitia saa kumi na moja."

"Mama Yunisi yupo?"

"Kurasa zote zipo."

"Nimekukumbuka mpaka nashindwa kukaa."

"Hilo tumeliona, tutalirekebisha jioni."

"Na wewe niambie kitu kizuri, Belinda. Nimepanga foleni kwa ajili ya simu hii."

Belinda alimtupia jicho Mama Yunisi. "Kwako ni nakala mbili," alisema kwa sauti ya kikazi. "Wengine wote nawapa moja."

"Huyo mteja wa nakala mbili," Mama Yunisi alisema bila kuinua uso, "mwambie siku moja aje tumwone."

Basi wangekaa hivyo hivyo wakafika pazuri, lakini Jumapili moja, wametoka kanisani, walishuka hadi ziwa Singidani kuangalia heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu. Belinda alikuwa amevaa gauni la maua na Peniel amemshika mkono. Ghafla kengele ya baiskeli ikalia nyuma yao. Belinda aliijua kengele ile tangu utoto. Alichomoa mkono, akasogea hatua mbili, akageuka kumkabili Peniel kama ndiyo kwanza wanakutana, akapinda goti.

"Shikamoo, mwalimu."

Mazoea ya Peniel yakajibu kabla ya akili. "Marahaba."

Mzee Paulo alishuka kwenye baiskeli. Alikuwa mwanaume mfupi mwenye kofia ya pama, zamani mpimaji wa mazao kwenye mizani ya ushirika, mpaka wafanyabiashara waliporuhusiwa kununua alizeti wenyewe na ile mizani ikakosa kazi. Tangu hapo aliona watu hawamtazami kama walivyomtazama.

"Baba, huyu ndiye mwalimu wangu wa Kiingereza."

"Shikamoo, mzee," Peniel alisema.

"Marahaba, mwanangu." Mzee alimpima kwa macho kuanzia viatu. "Kijana hivi, na watu wanakupigia magoti. Hata huyu wangu, ambaye mimi mwenyewe hanisikii. Vizuri sana, mwalimu."

Alipokwisha kwenda, Belinda alicheka mpaka akashika mbavu. Peniel hakucheka.

"Umenizeesha," alisema.

"Nimekuokoa. Ungetaka akukute umenishika mkono?"

"Ningetaka anijue."

"Atakujua. Acha nifanye usaili kwanza, nipate kazi yangu, ndipo nitamwambia mwenyewe. Sitaki mambo mawili kwa mkupuo."

Ni maneno ya busara, lakini yalikuja na gharama. Siku chache baadaye Mzee Paulo alifika nyuma ya duka la vipuri kabla ya darasa, ameshika jogoo mwekundu mwenye mkia mzuri. Kwetu mzazi kumpelekea mwalimu kuku ni jambo la kawaida, na kuku wa Singida anajulikana. Peniel alipokea kwa mikono miwili, akainama, akashukuru. Hakuuliza ni wa nini. Nani huuliza?

"Sasa umeshika," mzee alisema, akaketi kwenye benchi. "Nisikilize. Unamfahamu Lazaro, mwenye lori la alizeti?"

"Namfahamu kwa sura, mzee."

"Anamtaka Belinda. Mjomba wake ndiye alikuwa aje kuzungumza, amelazwa. Lazaro ameniambia, mzee, nitafutie wewe mtu unayemwamini, atanisemea. Najua si kawaida baba wa binti kumtafutia mwoaji mshenga, lakini dunia yenyewe imegeuka. Nimekuchagua wewe. Jumapili ijayo utakuja na wazee wao wawili, utasema maneno yao. Kabla ya hapo umwandae binti. Wewe anakusikia."

Jogoo akapiga mbawa kwenye mikono ya Peniel.

"Mzee, mimi..."

"Unaona ugumu?" Mzee alivua kofia, akaipapasa. "Tangu mizani yetu ifungwe sina mtu msomi wa kumtuma, mwalimu. Wenzangu wa ofisini hawapiti tena nyumbani. Nilikuona pale ziwani nikasema, huyu Mungu amenipa."

Hapo ndipo mwanaume anatakiwa kusema, mzee, samahani, chukua jogoo wako, mimi nampenda binti yako. Maneno hayo ni mafupi, mtoto angeyasema. Peniel, ambaye jioni zote alifundisha watu kupanga maneno, alitazama upara wa yule mzee, akakumbuka alivyolelewa kutomkatalia mtu mzima usoni, akasema, "Nimesikia, mzee."

Nimesikia! Na mzee akaondoka amefurahi.

Siku ya kwanza Peniel alijiambia atamwambia Belinda jioni. Jioni ilipofika Belinda alikuwa na furaha ya kupata tarehe ya usaili, akaona asimharibie. Siku ya pili akaona ni vizuri kwanza atafute namna ya kumrudishia mzee jogoo bila kumwaibisha. Siku ya tatu Belinda alikuwa jikoni na mama yake wanachagua maharage, mama akasema, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, kwamba Lazaro mwenye lori anataka kumposa, mshenga wake ni yule mwalimu wa Belinda, na kwamba amepokea jogoo tangu juzi.

Kesho yake simu ililia ofisini kwa Mama Yunisi.

"Uchapaji."

"Nakala zangu mbili tayari?"

"Mashine imeharibika."

"Mpenzi, una nini?"

"Jogoo ulimpokea au hukumpokea?"

Kwenye foleni ya posta mtu alimwambia Peniel afanye haraka.

"Belinda, nisikilize. Nilidhani ni shukrani ya tuisheni."

"Na baada ya kuambiwa si shukrani, ulimrudisha?"

"Nilikuwa natafuta namna..."

"Ulimpokea kwa mikono mingapi?"

"Miwili."

"Basi Lazaro amepata mshenga mwenye adabu," Belinda alisema, akakata simu. Mama Yunisi alikuwa ameacha kujifanya anachapa. Alimsogezea kikombe cha chai, na safari hii hakumwambia akae.

Wiki ile Belinda hakwenda darasani. Alijifunzia nyumbani, akitembea huku na huku uani na karatasi mkononi, na kila alipofika kwenye mkato kidole gumba na cha shahada vilitafuta mkono wa kufinya visipate kitu. Alimchukia Peniel kwa nguvu zake zote, na alipomaliza kumchukia akajikuta anamsikiliza kama anapita barabarani. Naye Peniel alifundisha akiangalia nafasi tupu kwenye benchi. Jogoo alimfunga dirishani. Akawa anaeleza kwamba mkato peke yake hauna nguvu ya kuunganisha sentensi mbili nzima, unahitaji neno la kusaidia, na jogoo akawa anawika katikati ya maelezo. Nesi aliuliza kuku huyo anachinjwa lini. Peniel alisema si wake.

Ijumaa Belinda alifanya usaili. Walimpa ukurasa mzima wa Kiingereza usio na alama hata moja, wakasema auwekee alama. Mama mmoja wa Kizungu aliketi mbele yake akinywa kahawa. Belinda alisoma mstari wa kwanza na sauti iliyousoma kichwani mwake ilikuwa ya Peniel, ile ya polepole ya kwenye mawe. Aliweka mikato kwenye orodha ya magunia na mashine, akaweka baada ya jina la mtu, akafunga maelezo ya nyongeza pande zote mbili, na penye sentensi mbili akaweka nukta bila kusita. Yule mama alipitia karatasi, akaipitia tena, akamwambia aanze mwezi ujao.

Belinda alitoka nje akasimama juani. Alitaka kupiga kelele. Na mtu wa kwanza aliyetaka kumwambia alikuwa yule yule ambaye yeye alimkatia simu. Machozi yakamtoka kwa hasira.

Jumamosi alishindwa kuvumilia, akaenda nyuma ya duka la vipuri. Mlango ulikuwa na kufuli.

"Mwalimu ametoka," mwenye duka alimwambia. "Amebeba jogoo kwapani. Amesema anakwenda kwa Lazaro, yule wa lori."

Kwa Lazaro, siku moja kabla ya wazee kukaa. Belinda aliona hahitaji kuelezwa zaidi. Alirudi nyumbani, akamkuta mama anachambua mchele wa wageni, akaketi akaanza kumsaidia.

Wakati huo Peniel alikuwa amesimama kwenye uwanja wa magunia, vumbi la alizeti limemjaa kwenye nyusi. Lazaro alikuwa mtu mnene, mpole, anayependa kufanya mambo yake mwenyewe. Alikuwa chini ya lori anakaza nati. Alitoka akajifuta grisi.

"Mshenga wangu. Kesho saa nne, siyo?"

"Lazaro, mimi siwezi kukusemea. Yule binti nampenda. Na yeye ananipenda, au alikuwa ananipenda mpaka juzi."

Lazaro aliendelea kujifuta vidole, kimoja kimoja.

"Mzee anajua?"

"Hajui."

"Wewe ukapokea jogoo, ukanyamaza, mimi nikawaambia wazee wangu wajiandae."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu kumkatalia mzee."

"Ukaona afadhali aibu iwe yangu." Lazaro aliitupa ile nguo ya grisi juu ya tairi. "Mimi nilitaka mke, mwalimu, sikutaka kesi. Wazee wangu hawatakuja. Lakini mimi siendi kumweleza mzee Paulo. Kesho utaingia wewe, na huyo jogoo wako, umwambie mwenyewe kwa nini viti vyake vimebaki vitupu."

Jumapili uani kwa Mzee Paulo viti vya kuazima vilipangwa chini ya turubai. Wali ulikuwa umeiva, nyama inatokota, majirani wawili wazee wamevaa makoti yao ya kanisani. Saa nne ikapita. Mzee Paulo alikwenda getini akarudi, akaenda tena. Belinda, jikoni, alikuwa amevaa kitenge cha mama yake na uso uliovimba. Ndipo Peniel akaingia, shati jeupe lile lile, jogoo mikononi, peke yake.

"Karibu, mwalimu," mzee alisema, akichungulia nyuma yake. "Wenzako wako wapi?"

"Hawaji, mzee."

"Wamepata msiba?"

"Hapana. Nimewarudishia maneno yao." Alimnyooshea jogoo. "Na wewe nakurudishia jogoo wako. Sikustahili kumpokea. Siku uliyonipa nilikuwa tayari nampenda Belinda. Nilipaswa kukwambia pale pale, nikakuogopa. Nimekukosea wewe, nimemkosea Lazaro, na Belinda nimemkosea kuliko wote. Nimekuja kusema kwamba anayetaka kumwoa ni mimi."

Jikoni mwiko ulianguka. Mzee mmoja jirani alisema "eeh" kwa sauti ya chini.

Mzee Paulo hakumpokea jogoo. Alisimama, kofia mkononi. "Nimewaita watu nyumbani kwangu. Nimeazima viti. Wewe niliyekuweka mahali pa heshima ndiye unanivua nguo mbele ya wenzangu."

"Baba." Belinda alikuwa amesimama mlangoni. "Siku ile ziwani alikuwa amenishika mkono. Mimi ndiye niliyekudanganya. Nilimwamkia ili usijue. Ukiona aibu, nusu ni yangu."

"Na Lazaro?"

"Lazaro sina neno baya naye. Simtaki. Hata huyu asingekuja leo, nisingemkubali."

Mzee alimtazama binti yake muda mrefu, na mkewe aliyekuwa nyuma ya binti, ambaye hakuonyesha kushangaa hata kidogo. Halafu akamgeukia Peniel.

"Mtu hajisemei mwenyewe kwenye uwanja wa watu. Huna wazee?"

"Yupo baba mdogo, Kinampanda."

"Toka hapa. Ukirudi, usirudi peke yako. Viti hivi nimeviazima mpaka kesho jioni. Vikirudi kwa wenyewe kabla yako, usinijue tena, wala huyu usimjue." Akanyoosha mkono akamchukua jogoo kwa miguu, akamkabidhi mkewe bila kuangalia.

Belinda alimfuata Peniel hadi nje ya geti.

"Simama," alisema. "Bado nimekasirika."

"Najua."

"Ulitaka kunipeleka kwa mwanaume mwingine kwa heshima na taadhima, kwa sababu tu baba alivua kofia."

"Nilishindwa kumkatalia, Belinda."

"Na kesho akikuomba tena kitu kibaya?"

"Nimeshajifunza njia. Inauma, lakini mtu hafi."

Belinda alitaka kubaki na hasira, ikamponyoka. Alimfuta vumbi la barabarani kwenye nyusi kwa ncha ya kitenge. "Nimepata kazi," alisema. "Nilikuja kukwambia jana nikakuta kufuli."

Peniel alifumba macho, akavuta pumzi, akayafumbua. "Hata mkato mmoja hukukosea?"

"Hata mmoja. Sasa nenda, mpenzi. Utafikaje Kinampanda? Leo Jumapili, basi la Kiomboi linalopita huko limeshaondoka."

"Nitatembea mpaka nipate gari."

Ng'ambo ya barabara lori lilikuwa limesimama, injini inanguruma. Hawakujua limefika saa ngapi. Lazaro aliteremsha kioo.

"Nilitaka kuona kama utaingia," alimwambia Peniel. "Amekupiga?"

"Hapana."

"Ningekuwa mimi ningekupiga. Sasa unakwenda wapi?"

"Kinampanda. Kumfuata mzee wa kunisemea."

Lazaro aligonga gonga usukani kwa kidole. "Panda nyuma," alisema mwishowe. "Mbele siwezi kukaa na wewe leo."

Peniel alikimbia, akakanyaga tairi, akajivuta juu ya magunia. Belinda alisogea dirishani.

"Asante, kaka Lazaro."

"Usinishukuru, Belinda. Nimeumia." Hakumwangalia. Aliingiza gia, lori likaondoka kwa kishindo, na Peniel huko juu alishika kamba kwa mikono miwili, shati limejaa upepo.

Mtaa mzima ulijua kwamba Jumapili ile Lazaro alikuwa na mzigo unaomsubiri Itigi. Belinda alibaki katikati ya barabara, mkono juu ya macho kuzuia jua, akalitazama lori mpaka njia panda. Lilipunguza mwendo, likasimama kidogo kama linafikiri, kisha likaiacha njia ya Itigi na kukata kuelekea Misigiri, njia ya Kinampanda.